Kijana, kabla ya kufunga trela kwa pikapu yako ya otomatiki, poza giaboksi kwanza

Simama kando ya barabara pale Ekero au Shianda siku ya Ijumaa na hutangoja sana kabla ya kuona kitu kikivutwa. Trekta na trela lake la miwa. Pikapu na trela la mahema na viti vya matanga. Pikapu nyingine imebeba jenereta, spika na nyaya za mtu wa mitambo. Mumias ni mji wa kuvuta, na umevuta tangu kampuni ya sukari ilipoundwa mwaka 1971 na kiwanda kuanza kusaga miwa mwaka 1973.

Mambo yamebadilika tangu wakati huo. Kiwanda hicho, ambacho wakati mmoja kilikuwa kikubwa kuliko vingine vyote vya sukari nchini, kiliwekwa chini ya mrasimu mnamo Septemba 2019, kisha kikakodishwa kwa kampuni ya Sarrai kutoka Uganda mnamo Desemba 2021. Katika misukosuko hiyo, vijana wengi waliokulia katika uchumi wa miwa walijifunza kujitafutia. Mmoja amenunua bodaboda, mwingine mashine ya posho. Na yule aliyebahatika kupata mkopo wa sacco au mkono wa ndugu aliye ng'ambo amenunua pikapu ya mtumba, akaenda kwa fundi wa kuchomelea, akaundiwa trela, na hasla ikaanza.

Ni biashara nzuri. Lakini kuna kitu kimoja kinachoiua kimyakimya, na wengi hukijua wakiwa tayari wamekwama kando ya barabara. Kitu hicho ni joto la mafuta ya giaboksi.

Ikiwa pikapu yako ni ya gia za mkono, tulia, kuna sehemu yako huko chini. Lakini ikiwa ni otomatiki, yaani ile ya kuweka D na kukanyaga tu, soma yote. Pikapu za dabo kebini kama Toyota Hilux, Isuzu D-Max, Ford Ranger na Nissan Navara zinapatikana za otomatiki, na wengi huzipenda kwa sababu hazichoshi mguu. Raha hiyo ina gharama yake, hasa ukiamua kuvuta mzigo.

Joto linatoka wapi?

Watu wa Mumias wameona trekta likivuta tani za miwa kutoka shambani, kwenye tope, mwaka baada ya mwaka. Kwa hivyo ni rahisi kudhani kwamba kama injini ina nguvu, kuvuta ni kuvuta tu. Si hivyo.

Trekta limeundwa kuvuta polepole kwa gia fupi na nzito. Katika gari la gia za mkono, klachi ikishashika, injini na giaboksi huzunguka pamoja kama kitu kimoja. Pikapu ya otomatiki ni tofauti. Kati ya injini na giaboksi kuna chombo cha duara kinachoitwa konveta, na ndani yake kumejaa mafuta. Injini huzungusha mafuta, na mafuta hayo ndiyo huzungusha giaboksi. Fikiria feni mbili zinazotazamana: ukiwasha moja, upepo wake huanza kuzungusha ya pili. Ila hapa badala ya upepo ni mafuta.

Gari likiwa mwendo wa kawaida kwenye barabara tambarare, konveta hujifunga na hakuna kuteleza. Lakini ukianza kuondoka na mzigo, ukipanda mlima, au ukienda polepole kwenye barabara mbovu, konveta hufunguka. Feni moja huzunguka kwa kasi kuliko nyingine, mafuta yanakorogwa kwa nguvu, na nguvu inayopotea hapo inageuka kuwa joto. Ukiongeza trela la tani moja nyuma, joto linakuwa jingi zaidi na linakaa kwa muda mrefu zaidi.

Mafuta hayohayo ndiyo hufanya kazi nyingine zote za giaboksi. Hubana sahani za klachi, hulainisha vyuma, hufungua na kufunga vali. Yakiharibika, hakuna sehemu inayobaki salama.

Nambari za kukumbuka

Giaboksi nyingi za otomatiki hufanya kazi vizuri mafuta yakiwa kati ya nyuzi 80 na 95 za Selsiasi. Mafundi wa giaboksi wana kanuni ya zamani: ukishapita nyuzi 80, kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 11 hivi, maisha ya mafuta hupungua kwa nusu. Piga hesabu mwenyewe. Kwa nyuzi 91 umebaki na nusu. Kwa nyuzi 102 umebaki na robo. Kwa nyuzi 113 umebaki na sehemu moja kati ya nane. Mafuta ya kisasa ya sinthetiki huvumilia zaidi ya yale ya zamani, lakini mwelekeo ni uleule.

Kwa makadirio ya mafundi, mafuta yakikaribia nyuzi 115 huanza kuacha utando wa kunata ndani ya vali. Karibu na nyuzi 127 sili za mpira huanza kukakamaa. Yakifika nyuzi 145 hivi, sahani za klachi zinaanza kuteleza, na hapo gari linanguruma lakini haliendi. Ukipita nyuzi 155, sili na klachi zinaungua. Hiyo tena si sevisi. Ni giaboksi nyingine.

Jambo la kuudhi ni kwamba mshale wa joto ulio mbele yako kwenye dashibodi hauonyeshi haya. Ule unapima maji ya injini. Injini inaweza kuwa shwari kabisa huku giaboksi ikipikika.

Pima mzigo kabla ya kununua chochote

Kabla hujaenda kutafuta spea, jiulize: navuta kilo ngapi? Si kwa kukisia kwa macho. Hesabu.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Kwa hivyo tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, bila kuhesabu tangi lenyewe na trela. Magunia kumi ya mahindi ya kilo 90 ni kilo 900. Viti 200 vya plastiki, tuseme kila kimoja kilo mbili na nusu, ni kilo 500, na hujaweka mahema na vyuma vyake. Kisha ongeza uzani wa trela, kwa sababu trela la kuchomelewa kwa vyuma vizito linaweza kuwa mzigo wenyewe. Lipeleke mahali penye mizani ya magari walipime likiwa tupu. Andika nambari hiyo mahali usipoisahau.

Baadhi ya miundo mipya ya Hilux na D-Max inayouzwa Uingereza na Australia imeidhinishwa kuvuta hadi kilo 3,500. Vijana hupenda sana kutaja nambari hiyo. Wanachosahau ni sharti lake: trela liwe na breki zake lenyewe. Lisipokuwa na breki, kiwango kinashuka hadi kilo 750, ikiwemo trela lenyewe. Sasa tazama trela lako. Lina breki? Kama halina, tangi lako la lita 1,000 limeshavuka mpaka, hata giaboksi iwe baridi kama maziwa ya jokofu. Na pikapu yako ikiwa ya zamani au ya injini ndogo, kiwango chake kinaweza kuwa cha chini zaidi. Tafuta kitabu cha gari, au cheki nambari za muundo wako hasa.

Hili tuelewane: kipozeo hakiongezi uwezo wa gari kuvuta. Kinalinda giaboksi inayovuta mzigo unaoruhusiwa. Hakiongezi breki, hakiimarishi chesisi, wala hakibadilishi springi.

Chungulia kwanza una nini

Kila gari la otomatiki hutoka kiwandani likiwa na njia fulani ya kupoza mafuta ya giaboksi. Iliyozoeleka zaidi ni bomba dogo lililo ndani ya radieta ya injini. Mafuta ya giaboksi hupita humo na maji ya radieta huyapunguzia joto. Pikapu nyingine huongezewa kipozeo cha hewa, kile kidogo chenye mapezi kama radieta, kilichofungwa mbele.

Kwa hivyo fungua boneti, chukua tochi ya simu, uchungulie nyuma ya grili. Fuata paipu mbili zinazotoka kwenye giaboksi. Zinaingia kwenye radieta pekee, au zinapitia pia kipozeo cha nje? Ukikuta kipozeo tayari kipo, labda shida yako si kukosa kipozeo. Labda kimezibwa na tope na mabaki ya miwa. Kuosha mapezi kwa maji ya shinikizo dogo, kutoka nyuma kuja mbele, kunaweza kukuokolea pesa nyingi.

Kisha angalia mafuta yenyewe. Mazuri kwa kawaida ni mekundu na yanapenya mwanga. Yakiwa ya kahawia iliyokolea au meusi, na yananuka kama ugali ulioshika sufuria, yameshaungua. Ukiona yamekuwa ya waridi na mazito kama yogati ya stroberi, simamisha gari hapo hapo. Maana yake ni kwamba bomba lile la ndani ya radieta limetoboka na maji yamechanganyika na mafuta ya giaboksi. Navara za kati ya miaka ya 2000 zilijulikana sana kwa ugonjwa huo. Dawa ni radieta nyingine na kusafisha giaboksi mara moja, kabla maji hayajalegeza sahani za klachi.

Na kama giaboksi tayari inateleza, inachelewa kuingia D, au inapiga teke ikibadilisha gia, usidanganyike. Kipozeo hakitafufua kilichokwisha kufa. Tengeneza giaboksi kwanza, ndipo uilinde.

Kipozeo gani, kiwekwe wapi

Mafundi wanakiita oili kula. Usicheke, hiki si cha kula. Ni kifaa kidogo cha alumini ambacho mafuta ya giaboksi hupita ndani yake huku hewa ikipita nje. Vipo vya aina mbili utakavyoonyeshwa dukani. Kuna cha paipu moja inayojikunja mara kadhaa katikati ya mapezi, ambacho ni cha bei nafuu na kinatosha mzigo mwepesi. Halafu kuna cha sahani zilizopangwa moja juu ya nyingine. Hicho hupoza zaidi kwa ukubwa uleule, na kwa mtu anayevuta kila wiki ndicho cha kutafuta.

Mahali pa kukifunga ni mbele, kabla ya kondensa ya eyakondishena na radieta, panapopata upepo wa kwanza. Kisifungwe kwa nyuzi za plastiki zinazopitishwa katikati ya mapezi. Mtikisiko wa barabara zetu utazifanya zitoboe radieta au kipozeo chenyewe. Fundi mzuri atatengeneza vishikizo vya chuma, afunge kwa bolti, na aweke raba ya kuzuia mtikisiko.

Mpangilio wa paipu ni muhimu. Mafuta ya moto yanatoka kwenye giaboksi, yanapitia radieta kwanza, kisha yanaingia kwenye kipozeo kipya, ndipo yanarudi kwenye giaboksi. Radieta inafanya kazi ya kwanza, kipozeo kinamalizia. Kwa hivyo fundi lazima ajue paipu ipi inatoka na ipi inarudi. Asikisie. Akikuambia kwamba haijalishi, mshukuru kwa muda wake na uondoke.

Katika nchi zenye theluji, watu huweka pia vali ya joto ili mafuta yasipoe kupita kiasi wakati wa baridi. Mumias hatuna theluji. Vali hiyo haina ubaya, lakini usilazimishwe kuilipia kama pesa ni kidogo.

Hozi ndiyo wengi huharibu. Hozi ya maji haifai. Hozi ya petroli haifai. Tafuta hozi iliyotengenezwa kwa mafuta ya giaboksi, inayostahimili joto na shinikizo, na mara nyingi utakuta imeandikwa hivyo ubavuni. Isikunjwe kwa kona kali, isiguse ekzosi, isisuguane na feni wala mkanda wake. Hozi ya bei rahisi ikipasuka ukiwa njiani, giaboksi itamwaga mafuta yote barabarani kwa dakika chache, na hapo kipozeo chako kipya ndicho kitakuwa kimekuulia giaboksi.

Kazi ikiisha, usilipe bado

Kabla hujatoa mkwanja, hakikisha mambo haya yamefanyika mbele ya macho yako.

Kwanza, mafuta yaliyoongezwa ni ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Hilux nyingi za kisasa, kwa mfano, hutumia mafuta ya Toyota yanayoitwa WS. Mafuta ya giaboksi si kitu cha kuchanganya kwa sababu yote ni mekundu.

Pili, kiwango kimeongezwa. Kipozeo na hozi mpya hujaza mafuta yao, kwa hivyo giaboksi ikibaki na kiasi cha zamani itakuwa imepungukiwa. Pikapu nyingine zina kijiti cha kupimia. Nyingine, kama Hilux za karibuni, hazina, na hupimwa kupitia tundu la chini injini ikiwa inanguruma na mafuta yakiwa kwenye joto maalumu. Hiyo ni kazi ya mtu anayeijua.

Tatu, gari limewashwa, breki imekanyagwa, na lever imepitishwa P, R, N, D polepole huku mtu akiangalia chini kama kuna tone. Kisha mkaenda nalo kilomita chache bila trela, mkarudi, mkaangalia tena. Siku ya kwanza na trela, beba nusu ya mzigo, halafu angalia tena. Uvujaji mwingi hujionyesha mapema.

Jambo la nne linawafaa sana vijana wa simu. Kuna kifaa kidogo cha OBD kinachochomekwa chini ya usukani na kuzungumza na simu yako kwa bluetooth. Kwa pikapu nyingi za kisasa, programu inayofaa itakuonyesha joto la mafuta ya giaboksi moja kwa moja. Piga picha ya skrini ukiwa huna kipozeo, piga nyingine baada ya kukifunga, kwa barabara ileile na mzigo uleule. Hapo huhitaji kumwamini mtu. Nambari zitakuambia kama pesa yako imefanya kazi.

Barabarani, mguu wako ni kipozeo pia

Njia ya Mumias kwenda Kakamega haina milima ya kutisha. Lakini ukipewa kazi ya kutoa mzigo Kisumu, mambo hubadilika. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Kakamega ni zaidi ya mita 1,500, na barabara inaanza kupanda mara tu unapotoka mjini kuelekea Kiboswa. Hapo ndipo pikapu ya otomatiki iliyobeba na kuvuta huanza kuruka kati ya gia mbili, inapanda, inashuka, inapanda tena. Kila ruko ni joto.

Usiiachie D iamue kila kitu. Kama gari lina sehemu ya kuchagua gia mwenyewe, ishike kwenye gia ya chini inayovuta bila kuhangaika. Kama lina kitufe cha kuvutia mzigo, kitumie. Punguza kasi mapema. Ukishuka, gia hiyohiyo ya chini itakusaidia kushikilia gari bila kuchoma breki.

Kwenye njia za mashambani za Matungu na Mumias Mashariki, adui ni tope na mwendo wa konokono. Ukikwama, usikanyage mafuta ukipeleka lever R na D, R na D, kwa dakika kumi. Hakuna njia ya haraka zaidi ya kupika giaboksi. Toa trela, toa gari, kisha vuta trela kwa kamba au omba trekta. Hakuna aibu. Huku kwetu matrekta hayakosekani.

Ukiona joto limepanda, simama mahali salama, weka P, acha injini ingurume kwa dakika kadhaa. Pampu ya giaboksi itaendelea kuzungusha mafuta kupitia kipozeo. Ukizima injini mara moja, mafuta ya moto yanabaki palepale. Na usimwagie maji giaboksi.

Kumbuka pia kwamba kuvuta trela huhesabiwa kuwa matumizi magumu. Vitabu vingi vya magari hutaka mafuta ya giaboksi yabadilishwe mapema zaidi kwa gari la namna hiyo. Ile hadithi ya mafuta ya kudumu maisha yote ya gari haikuandikwa ikimfikiria kijana anayepeleka mahema kila wikendi.

Gari lako si otomatiki ya kawaida?

Kama pikapu yako ni ya gia za mkono, huhitaji kipozeo hiki. Adui yako ni klachi. Usiishikilie nusu mlimani, usiondoke na gia ya pili, na mafuta ya giaboksi na ya difu yabadilishwe kwa wakati.

Na kwa wale wa Probox, tuseme ukweli. Probox iliyotoka baada ya mabadiliko ya mwaka 2014 hutumia CVT, giaboksi ya mkanda wa chuma na puli mbili. Inabeba watu na mizigo kwa uvumilivu wa kushangaza, lakini usiitundikie trela na kutarajia miujiza. Mafuta yake pia ni tofauti kabisa na ya otomatiki ya kawaida.

Karatasi nazo

Trela ni chombo kinachosajiliwa peke yake kwa NTSA, na nambari zake huanza na herufi Z. Lisiloandikishwa litakusumbua kwa polisi, na likisababisha ajali bima yako inaweza kukugeukia. Mpigie wakala wa bima simu leo umuulize swali moja: nikivuta trela, bado nimekingwa? Cheki pia kama daraja la leseni yako linakuruhusu. Hakikisha trela lina taa za nyuma zinazowaka, mnyororo wa usalama, na mzigo umekaa mbele kidogo ya ekseli ili lisiyumbe.

Hesabu ya mwisho ni yako

Uliza bei tatu kabla ya kuamua. Moja, ya kipozeo, hozi, mafuta na kazi ya fundi. Mbili, ya kufungua na kutengeneza giaboksi yako. Tatu, ya giaboksi ya mtumba kutoka Kirinyaga Road, Nairobi, ambayo hujui ilivuta nini kabla ya kukufikia. Kisha weka kando yake siku utakazokaa bila kazi huku mkopo ukiendelea kudai. Utaona mwenyewe kipi ni ghali.

Pia kuna hesabu isiyo ya pesa. Wewe ndiye umebeba mahema ya matanga ya Jumamosi. Familia imelipa, wageni wameanza kufika, jua la saa sita liko kichwani. Gari likifia njiani, hakuna wa kumwambia marehemu asubiri. Katika biashara ya mtaani jina ndilo mtaji, na habari ya aliyewaacha waombolezaji juani hufika Bukaya kabla yake.

Na wewe kijana usiye na pikapu, usidhani makala haya hayakuhusu. Mafundi wa injini ni wengi, lakini anayeielewa giaboksi ya otomatiki kweli, anayejua kupima joto, kusoma kitabu cha gari na kufunga kipozeo bila kubahatisha, bado hutafutwa. Ukisomea ufundi wa magari pale Sigalagala National Polytechnic, au ukiwa umejifunzia gereji na unataka cheti cha NITA, chukua giaboksi ya otomatiki kama eneo lako. Pikapu hizo zinaendelea kuingia. Serikali hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane, maana yake mitumba inayokuja ni ya teknolojia ya karibuni, na mingi itakuwa ya otomatiki.

Kesho asubuhi kabla hujafunga trela, fanya mambo mawili yasiyokugharimu hata senti. Chungulia nyuma ya grili uone una kipozeo au huna. Kisha angalia rangi na harufu ya mafuta ya giaboksi, au kama gari halina kijiti, mwombe fundi akuangalizie. Ukijua hayo mawili, utajua kama wikendi hii unaenda kazini au unaenda gereji.